Makka Inapofurika: Fiqhi ya Kupita Katika Umati



Kila likizo ya mwisho wa mwaka inapokaribia, na kila mwezi mtukufu wa Ramadhani unapobisha hodi, familia nyingi za mwambao wetu huanza kuhesabu akiba zao. Mama aliyekuwa akiweka kidogo kidogo katika chama cha mtaani sasa ametimiza nauli. Watoto wamefunga shule. Bibi, ambaye kwa miaka mingi ameiona Kaaba katika picha ya ukutani tu, ameambiwa mwaka huu na yeye yumo. Ni furaha isiyo na mfano, na nia ni njema. Kinachosahauliwa ni kwamba siku tulizopata nafasi sisi ndizo hizo hizo ambazo umma wa Kiislamu ulimwenguni kote umepata nafasi.

Katika madarasa ya kujiandaa kwa umra tunafundishwa mikati, ihramu, talbia, tawafu na saai, na hayo ndiyo ya msingi. Lakini ni nadra msafiri kufundishwa namna ya kuvuka barabara ya Makka na mtoto mkononi, la kufanya mlangoni penye maelfu ya watu, au jinsi mwanamke atakavyohifadhi udhu wake na heshima yake ndani ya msongamano. Wapo wanaodhani mambo hayo si elimu ya dini. Nao mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) yamejaa hukumu za umati kwa anayeyafuatilia. Makala haya yanayakusanya baadhi yake, pamoja na hali halisi ya mji ule, ili familia isafiri ikijua inakokwenda.

Bonde dogo, umma mkubwa

Makka haikujengwa katika uwanda. Ni mji ulio bondeni, umekumbatiwa na milima: Jabal Abu Qubais upande mmoja, Jabal Qu'aiqi'an upande wa pili. Nabii Ibrahim (A.S.), alipomwacha Bi Hajar na mwanawe Ismail mahali pale, aliomba dua na kulitaja bonde hilo kuwa halina mmea. Mwenye kulifahamu umbo hili la ardhi amekwisha kufahamu nusu ya sababu ya msongamano wa magari. Barabara kubwa kubwa, kama ile ya Ajyad na ile ya Ibrahim al-Khalil inayotokea Misfala, zote huteremka kuelekea mahali pamoja. Haiwezekani kukata kichochoro cha pembeni kama tufanyavyo Mji wa Kale Mombasa, kwa kuwa pembeni pana mlima. Ndiyo maana serikali ya Saudia imetoboa mahandaki ndani ya majabali na kujenga barabara za kuuzunguka mji.

Juu ya hayo, swala tano nazo hubadilisha njia. Adhana inapokaribia, hasa siku ya Ijumaa na nyakati za usiku wa Ramadhani, askari huzifunga barabara zinazoizunguka Haram, kwani safu za wenye kuswali hutoka nje ya msikiti, zikajaza viwanja na kufika mabarabarani. Teksi iliyokuleta kwa dakika 10 asubuhi huenda jioni ikakuteremsha mbali, ukamalizia kwa miguu. Dereva hakukukosea. Amezuiwa na safu za Waislamu.

Kuchagua siku na saa

Mwenye hiari ya kuchagua, na achague. Wikendi ya Saudia ni Ijumaa na Jumamosi. Kuanzia Alhamisi jioni wakazi wa Jeddah, Taif na miji mingine huingia Makka na familia zao, kama watu wa bara wanavyoteremka pwani kwetu siku za likizo. Shule za huko nazo zina mapumziko yake, na siku hizo mataf hujaa. Kwa hiyo anayefika Jumatano usiku akiwa amechoka kwa safari, kisha akapumzika ili aitekeleze umra yake Ijumaa, amejichagulia siku nzito kuliko zote za wiki.

Ama saa za siku, asubuhi baada ya jua kupanda, yaani kati ya saa 2 na saa 4, kwa kawaida huwa na nafasi zaidi kuliko baina ya Magharibi na Isha. Katika Ramadhani wengi hukesha usiku na kulala asubuhi, hivyo mwenye mzee au mtoto mchanga atapata wepesi saa hizo. Usiku wa 27 na usiku wa 29, ambao ndio wa khitma ya Qur'ani katika tarawehe za Haram, hushinda nyakati zote kwa wingi wa watu. Usiku kama huo, mama mwenye mimba akiswali katika chumba chake cha hoteli au katika msikiti wa mtaani hajapungukiwa na kitu mbele ya Mola wake. Kumi la mwisho lina masiku kumi, na Mwenyezi Mungu (S.W.T.) yuajua nia ya kila mja.

Ile hadithi maarufu kwamba umra ya Ramadhani hulingana na hija kwa thawabu, Mtume (S.A.W.) alimwambia mwanamke wa Kiansari aliyekosa kuhiji pamoja naye kwa uhaba wa ngamia. Bishara hiyo basi ilianzia kwa mama aliyezuiwa na shida ya usafiri. Lakini Ramadhani ina siku 29 au 30, na umra katika siku yoyote miongoni mwa hizo ni umra ya Ramadhani. Hatukuambiwa iwe usiku ule wenye watu wengi zaidi.

Nyumba ya kufikia

Mawakala wa safari husema hoteli iko "karibu na Haram." Neno hilo lina tafsiri nyingi. Muulize wakala maswali matatu kabla ya kutoa pesa. Je, ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu ya mtu mzima wa miaka 70? Je, njia ni tambarare au ni mteremko? Je, basi la hoteli hufanya kazi saa za swala, na hushusha watu wapi barabara zikifungwa? Hoteli ya mita 800 iliyo juu ya kilima humchosha bibi kuliko hoteli ya Aziziya iliyo mbali lakini ina basi la uhakika. Kwenda Haram ni mteremko na miguu huenda yenyewe. Taabu huja wakati wa kurudi, baada ya tawafu na saai, nayo saai peke yake kwa mizunguko yake saba ni karibu kilomita 3.

Wakaao mbali wafanye kama wafanyavyo wengi wenye hekima: waende Haram kabla ya Alasiri, wakae hadi baada ya Isha, kisha wasubiri nusu saa ndani ya msikiti watu wapungue. Nusu saa hiyo ya kusoma Qur'ani huku mnaitazama Kaaba ina faida kuliko nusu saa ya kusukumana kituoni.

Barabarani

Hapa pana jambo dogo lenye hatari kubwa. Sisi Kenya huendesha magari upande wa kushoto wa barabara. Saudia huendesha upande wa kulia. Mtoto aliyezoea kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, akifika Makka hutazama upande ambao gari haliji, akaingia barabarani ilhali gari latokea kushoto. Hata watu wazima hukosea, kwa kuwa mwili umezoea. Wafundisheni watoto kabla ya safari: huko, tazama kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena. Na teksi isimamapo, milango ya kuteremkia ni ya kulia, upande wa ukingo wa barabara, kinyume na tulivyozoea.

Chukueni teksi zenye leseni, mkubaliane bei kabla ya kupanda. Msafiri abebe kadi ya hoteli yenye jina na anwani kwa Kiarabu, na kila mmoja awe na yake. Mama mkwe asiyejua Kiarabu wala Kiingereza, kadi ile ndiyo ulimi wake. Anayepita kwa miguu ndani ya handaki ashikamane na njia iliyotengwa kwa waendao kwa miguu, asishuke kwenye lami hata kama njia yake imejaa.

Baina ya Makka na Madina pana treni ya Haramain, iliyofunguliwa mwaka 2018, inayopita Jeddah katika njia yenye urefu wa takriban kilomita 450. Kituo chake cha Makka kiko mtaa wa Rusaifa, kilomita chache kutoka Haram, kwa hiyo msikate tiketi mkadhani mtateremka mlangoni. Siku za msimu tiketi huisha mapema. Wanaosafiri kwa basi kutoka Madina huingia ihramu Dhul-Hulaifa, mahali pajulikanapo leo kwa jina la Abyar Ali, na kituo hicho nacho hujaa mabasi. Ogeni na mvae hotelini, mfikapo pale iwe ni kuswali na kunuia tu.

Msafiri akikwama njiani asihofie swala zake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye safari ndefu ya halali ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Akitaka kuichelewesha ya kwanza hadi wakati wa pili, na anuie hivyo kabla wakati wa ile ya kwanza haujatoka. Ama Alfajiri haikusanywi na swala yoyote. Kwa hiyo basi linaloondoka usiku wa manane lipangiwe kituo cha Alfajiri, na kiongozi wa msafara aafikiane na dereva kabla ya kuondoka.

Tawafu ya mama zetu

Sasa tuingie ndani. Hapa ndipo moyo wa mja huwaka kwa shauku, na shauku isiyo na elimu huumiza. Wako wanaoamini kwamba umra isiyo na busu la Hajar al-Aswad ni umra pungufu. Utamwona mwanamume mwenye nguvu anapasua watu kwa viwiko, na nyuma yake mkewe ameshika ihramu yake, buibui limevutwa, mtandio umekwenda upande, pumzi zinamwisha. Wote wawili wadhani wanafanya ibada.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia Sayyidna Umar (R.A.) ya kuwa yeye ni mtu mwenye nguvu, basi asisongamane penye Jiwe akawaudhi wanyonge. Akipata upenyo aliguse, la sivyo alielekee na aseme Allahu Akbar. Na katika Hija ya Kuaga, Mtume mwenyewe (S.A.W.) alitufu juu ya ngamia, akiigusa nguzo kwa bakora. Kuligusa Jiwe ni sunna, na kumuumiza Muislamu ni haramu. Sunna haichumwi kwa haramu.

Kwa kina mama, dalili ni nyingi na zenye kuliwaza. Imamu Bukhari ameipokea habari ya kwamba Bi Aisha (R.A.) alikuwa akitufu kando, mbali na wanaume, bila ya kuchanganyika nao. Mwanamke aliyekuwa naye alipomwita waende wakaliguse Jiwe, alikataa. Huyo ni Mama wa Waumini, mke wa Mtume, mwanachuoni mkubwa wa umma huu. Kama yeye aliuacha msongamano, ni nani katika sisi atakayesema tawafu ya pembeni ni pungufu?

Na Bi Ummu Salama (R.A.) alipolalamika kuwa hajisikii vyema, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza atufu nyuma ya watu akiwa amepanda mnyama. Akatufu hivyo huku watu wakiswali, na rakaa zake hakuziswali mpaka alipotoka msikitini. Kutokana na habari hii twapata mambo mawili. Kwanza, mgonjwa na mzee kutumia kipando si aibu, na leo viti vya magurudumu vipo, na ghorofa ya juu pana vigari vya umeme. Pili, zile rakaa mbili za tawafu si lazima ziswaliwe nyuma ya Maqamu Ibrahim hasa, mahali ambapo wenye kusimama kuswali huwa kizuizi cha mto wa watu wanaotufu. Ziswalini popote ndani ya msikiti penye utulivu. Sayyidna Umar (R.A.) aliwahi kuziswali Dhi Tuwa, nje kabisa.

Ghorofa za juu zina duara refu kuliko la chini, na miguu hulipa. Kwa hiyo familia ipime: chini ni karibu lakini pana msongamano, juu ni mbali lakini pana pumzi. Kwa madhehebu yetu, kufululiza mizunguko saba bila kukatiza ni sunna, si sharti. Mwenye kuchoka na apumzike, anywe maji ya Zamzam, kisha aendelee alipoishia. Iqama ikikimiwa, aswali kisha aendelee. Kina mama na watoke katika mataf mapema kabla ya adhana, waende katika sehemu zao za kuswalia. Anayesubiri hadi iqama hujikuta amezungukwa na safu za wanaume, hana pa kwenda.

Kukimbia baina ya taa mbili za kijani katika saai ni kwa wanaume. Mwanamke huenda mwendo wake wa kawaida, ingawa asili ya saai yenyewe ni mbio za mwanamke, Bi Hajar, akimtafutia mwanawe maji.

Suala la udhu

Hili ndilo swali wanawake wa pwani huliuliza kwa sauti ya chini. Katika madhehebu ya Shafi, ngozi ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu zikigusana bila kizuizi, udhu hutenguka, na tawafu haisihi bila udhu. Katika mataf iliyojaa, atajikingaje?

Jawabu la kwanza ni mavazi. Mikono mirefu ya nguo ifunike viganja, na soksi zifunike miguu. Glovu hazifai kwa mwanamke aliye katika ihramu, wala nikabu, lakini mkono wa kanzu ulioteremka juu ya kiganja hauna tatizo. Jawabu la pili ni nafasi: pembeni, ghorofa ya juu, saa ya asubuhi, na maharimu zake wakimzunguka kama ua. Jawabu la tatu ni la wanavyuoni wetu wa Kishafi wenyewe, ambao tangu zamani wamewaruhusu wenye dhiki katika tawafu kuifuata kauli ya Imamu Abu Hanifa, ambaye kwake mguso wa aina hii hautengui udhu. Mwenye kuifuata kauli hiyo na ajifunze pia jinsi udhu wenyewe unavyotimia kwa madhehebu hayo, kwa mfano kiasi cha kichwa kinachopakwa maji. Muulize mwalimu wako kabla ya safari, uondoke na yakini. Wasiwasi wa kukatiza tawafu mara nane na kusukumana kurudi kwenye maji umewaharibia wengi ibada yao, na dini yetu ni nyepesi kuliko hivyo.

Watoto na wazee

Kabla ya kutoka hotelini kila siku, mpige mtoto picha kwa simu akiwa katika nguo alizovaa siku hiyo. Akipotea, askari hatahitaji maelezo marefu. Mvishe bangili yenye namba ya simu inayofanya kazi Saudia, si ya Kenya iliyozimwa.

Mahali pa kukutana pachaguliwe mapema, na pasiwe "chini ya saa kubwa." Mnara ule una urefu wa mita 601 na waonekana kila upande, kwa hiyo chini yake ni eneo pana lenye maelfu ya watu. Chagueni mlango mmoja wenye namba, kama vile Mlango wa Mfalme Abdulaziz ulio namba 1, na kitu kimoja kando yake. Mkubaliane kwamba aliyepotea haendi kutafuta. Anakwenda pale na kukaa.

Mzee naye ana haki zake. Bi Sauda (R.A.) alikuwa mwanamke mzito wa mwendo. Katika hija alimwomba Mtume (S.A.W.) ruhusa ya kuondoka Muzdalifa usiku, kabla ya msukumano wa watu, naye akampa. Tazama adabu iliyomo humo: mwenye dhiki alisema dhiki yake bila haya, na kiongozi akamsikiliza bila kumlaumu. Wangapi katika bibi zetu hunyamaza, magoti yawauma, kwa kuogopa kuwachelewesha wajukuu? Waulizeni wao kwanza. Msingoje mpaka walalamike.

Umati unapobana

Mwaka 1990, wakati wa hija, watu 1,426 walikufa ndani ya handaki la waendao kwa miguu karibu na Makka. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu hapo mamlaka za huko zimefanya kazi kubwa: njia za upande mmoja, daraja la Jamarati la ghorofa nyingi, kamera na askari kila pembe. Lakini hapana askari awezaye kukufundisha la kufanya katika dakika moja ya hatari, basi tulijue kabla.

Wataalamu wa umati husema hatari huanza pale watu wanapozidi watano hivi katika mita moja ya mraba. Hapo mtu hatembei tena kwa hiari yake, hubebwa kama kijiti katika maji. Wengi wanaofariki hawakanyagwi, bali hukosa pumzi wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa. Kwa hiyo ukihisi mabega ya watu yamekubana pande zote, usingoje. Weka mikono mbele ya kifua kama mcheza ndondi, ili mapafu yapate nafasi. Mtoto mdogo mbebe kifuani au mabegani, usimwache chini. Usishindane na mkondo wala usisimame. Nenda nao huku ukijisogeza kimshazari kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na ukutani usiegemee. Kikianguka kiatu, simu au tasbihi, kiache. Kuinama ni hatari kuliko hasara yoyote. Aliyeanguka ainuliwe upesi na walio karibu naye, na hiyo ni katika kutoa haki ya njia.

Anayevuka kivuko cha Likoni saa za jioni ana mazoezi ya kutosha ya umati. Lakini pale Likoni sote twaujua mlango wa kutokea. Makka wengi ni wageni, wa lugha mia, na kila mmoja ana shauku yake. Subira inayotakiwa huko ni kubwa zaidi.

Neno kwa waume

Tunawaona wanaume waliotangulia hatua 30 mbele, na wake zao nyuma wamebeba mtoto, mkoba na maji. Mtume (S.A.W.) safarini alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimsukuma mbele mnyonge, akimpakia aliyechoka na kuwaombea dua. Na Anjasha alipowaimbia ngamia waliobeba wanawake wakaenda mbio, alimwambia aende nao taratibu, akiwafananisha wanawake na vyombo vya kioo. Basi mwanamume wa kweli katika mataf ni yule anayekwenda kwa mwendo wa mkewe, na mwana mwema ni yule anayekwenda kwa mwendo wa mama yake. Gombaneni hotelini kuhusu saa ya kutoka, ikiwa hapana budi. Mkishatoka, awe amiri mmoja, na maneno yawe machache.

Madina nayo

Madina ni mji wa utulivu, ila katika Raudha. Kuingia Raudha siku hizi ni kwa miadi kupitia programu ya Nusuk katika simu, na wanawake wana nyakati zao mbali na wanaume. Chukueni miadi mapema, mara tu safari inapothibitika, kwani nafasi za siku za msimu huisha. Akina mama wasiojua simu wasaidiwe na binti zao. Mtakapoingia, mtapewa dakika chache. Swalini, ombeni, mtoke kwa adabu ili mwenzenu naye aingie. Aliyekosa nafasi amsalimie Mtume wake kutoka popote, salamu zitafika.

Hitimisho

Mtume (S.A.W.), aliporudi kutoka Arafa na kusikia nyuma yake kelele na mapigo ya ngamia wanaoharakishwa, aliwaashiria watu watulie, akawajulisha kwamba wema haupatikani kwa mbio. Mafunzo yote tuliyoyataja yanarejea hapo. Barabara iliyofungwa, basi lililochelewa, bega la Mnigeria, la Mturuki na la Mwindonesia lililokugusa, vyote hivyo ni sehemu ya ibada uliyoilipia. Umati ule si kero iliyojiingiza baina yako na Kaaba. Ni wageni wa Mwenyezi Mungu kama wewe, kila mmoja ameuza kitu ili afike, na huenda mnyonge uliyempisha njia ndiye ambaye kwa dua yake umra yako itakubaliwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama walionuia, awarudishe kwa jamaa zao wakiwa wamesamehewa, na wasiojaaliwa mwaka huu awafungulie mwaka ujao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.